Nilinunua kwa 150, Nikauza kwa 6,500: Je, Nilimuibia Mama wa Midoli?

Kama umekuwa ukinifuata kwa muda, uliiona ile video. Sekunde arobaini tu. Nimesimama nje ya soko la Daraja Mbili, nimeshika sanduku la kadibodi lililochoka, nacheka. Nasema: "Mama ameniuzia hii kwa mia moja hamsini. Hajui alichokuwa nacho." Halafu picha inabadilika, inaingia meseji ya M-Pesa: 6,500. Muziki. Imeisha.

Hiyo ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote tangu nianze hii kazi. Na ndiyo ya kwanza ambayo nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Wengi mmeniuliza kwa nini. Wengine mmesema nimeogopa komenti. Leo naeleza, na sielezi kwa video, manake ni maneno mengi na nataka myasome polepole.

Tuanzie kwa sanduku lenyewe.

Anayejua Daraja Mbili anajua siku ya soko ilivyo. Mikungu ya ndizi imepangwa, mboga zimefungwa mafungu, kuku wamefungwa miguu, na upande mwingine ni maturubai ya mitumba mpaka huoni ardhi. Watu wametoka Nyamira, wametoka Keroka, wametoka Ogembo. Mvua ya alasiri ikianza, kila mtu anafunika mali yake kwanza, kichwa chake baadaye.

Mitumba ya nguo ina wenyewe na ina madaraja yake. Kuna kamera, zile zinazochaguliwa kwanza robota likifunguliwa. Na kuna fagia, zile za mwisho ambazo hata hazihesabiwi. Muuza nguo anazitofautisha kwa kugusa tu. Lakini vitu vya watoto havina kamera wala fagia. Vinamwagwa vyote pamoja: dubu wa manyoya, magari yasiyo na magurudumu, vitabu vya kupaka rangi ambavyo mtoto wa Ulaya alishapaka nusu. Chagua hamsini, chagua ishirini.

Mama ninayemzungumzia anauza hivyo. Simtaji jina, na kama unamjua, tafadhali usimtaje pia. Mimi humwita makomoke, kwa sababu ni rika la mamangu mdogo na ananichukulia hivyo. Amekuwa akiniuzia vitu vya kupigia picha tangu nikiwa na wafuasi kumi na wawili, kati yao wanne wakiwa binamu zangu.

Siku hiyo ilikuwa jioni, mvua inanukia. Chini ya rundo nikaona kona ya sanduku. Nikavuta. Ndani kulikuwa na kitambaa cha kijani kilichochorwa uwanja wa mpira, magoli mawili yenye nyavu, na wachezaji wadogo wa plastiki, kila mmoja amesimama juu ya kitako cha mviringo kama kifungo cha koti. Wekundu kumi na mmoja. Wa bluu tisa. Kwenye kifuniko: Subbuteo.

Nilijua ni mchezo gani kabla sijamaliza kusoma jina. Si kwa sababu mimi ni mwerevu sana. Ni kwa sababu tuliucheza shule ya msingi, bila sanduku. Visoda vya rangi moja ni timu yangu, vya rangi nyingine ni yako. Mpira ni punje ya mahindi. Unapiga kisoda kwa ukucha, kinateleza juu ya dawati, kinagonga punje, inaingia kati ya kalamu mbili. Mwalimu akitokea mlangoni, uwanja mzima unaingia mfukoni.

Sasa sikiliza hii. Subbuteo ilianzishwa na Mwingereza anayeitwa Peter Adolph mwaka 1946 kuelekea 1947, vita kuu ya pili ikiwa imeisha juzi na watu hawana kitu. Seti za kwanza hazikuja hata na uwanja. Ulipewa chaki na maelezo ya jinsi ya kujichorea uwanja juu ya blanketi kuukuu ya jeshi. Wachezaji walikuwa bapa, si hawa wa plastiki wenye mwili mzima waliokuja miaka ya sitini. Na jina? Adolph alikuwa mpenda ndege. Alitaka kuuita mchezo wake Hobby, neno ambalo kwa Kiingereza ni jambo la kujifurahisha na pia ni ndege mmoja wa jamii ya kozi. Akakataliwa kulisajili. Basi akachukua jina la Kilatini la ndege huyohuyo, Falco subbuteo, akabaki na nusu yake.

Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu usiku. Wao chaki na blanketi, sisi dawati na visoda. Umaskini ule ule, ujanja ule ule.

Lakini kwa nini mtu atoe maelfu kwa plastiki kuukuu? Jibu ni rahisi ukijiweka mahali pake. Chukua shabiki wa Shabana, wale wa Tore Bobe wa kweli, aliyekuwa mtoto timu ilipoanzishwa mwaka 1980 na akavumilia mpaka ikarudi ligi kuu mwaka 2023. Mpe sanduku lenye kikosi cha utoto wake, kila mchezaji amepakwa jezi yake. Utamwambia ni plastiki? Atatoa pesa ya karo halafu aanze kufikiria atamwambia nini mkewe.

Ndivyo ilivyo kwa wakusanyaji wa Uingereza, ambao wengi wao sasa ni watu wazima wanaotafuta Krismasi yao ya zamani. Na si mpira wa miguu peke yake. Marekani kuna Strat-O-Matic, mchezo wa besiboli wa kadi na dadu ulioanzishwa mwaka 1961, ambapo kila mchezaji wa kweli ana kadi yake na matokeo yake ya msimu yamegeuzwa kuwa namba. Kuna Totopoly, mchezo wa mbio za farasi uliotoka Uingereza mwaka 1938, unaanza kwa kuwafunza farasi upande mmoja wa ubao, halafu unaugeuza ubao na kuwakimbiza. Vyote hivi vina watu wanaovitafuta, na wote wanauliza maswali yale yale. Imekamilika? Sanduku lipo? Kuna kitu kimegandishwa kwa gundi?

Maswali hayo ndiyo biashara yote. Mchezaji wa Subbuteo aliyevunjika kifundo cha mguu akagandishwa, bei yake inaanguka. Timu za kuuzwa moja moja zilikuja kila moja na sanduku lake dogo lenye namba, na namba hiyo ndiyo inayomwambia mkusanyaji ni timu gani. Ukitupa kisanduku, umetupa kitambulisho. Kuna masanduku madogo ya timu adimu ambayo peke yake hupata bei kuliko seti nzima iliyochoka. Kadi moja ikipotea kwenye besiboli, seti imekuwa kilema.

Basi. Makomoke aliniambia mia mbili. Nikasema mia moja hamsini. Akaangalia mawingu, akakubali. Nikaenda nyumbani, nikakaa usiku tatu kwenye simu nikilinganisha picha: vitako, rangi za soksi, maandishi ya kifuniko. Nikasafisha kila mchezaji kwa mswaki na maji ya sabuni. Nikapata mnunuzi Nairobi, mtu wa umri wa babangu aliyesoma Uingereza miaka ya themanini. Nilimwambia wazi kwamba wawili wa bluu hawapo. Hakujali. Alipokea kifurushi kwa matatu, akanipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia kidogo.

Nikapiga video. Nikacheka. Mkanipenda.

Komenti ziligawanyika mara mbili. Upande mmoja walisema nimemuibia mama wa watu na pesa hiyo itanitokea puani. Upande wa pili, na ndio walikuwa wengi, walisema biashara ni biashara. Mmoja akaandika methali ambayo ilipendwa kuliko komenti zote: asiyejua maana haambiwi maana.

Ukweli ni kwamba hawa wa pili wana hoja, na sitajifanya sizioni.

Ya kwanza: kujua ni kazi. Zile usiku tatu hakuna aliyenilipa. Kwenye rafu yangu kuna sanduku la mchezo wa kriketi nililonunua mia tatu, nikifikiri nimepata dhahabu, kumbe ndani dadu hazipo, ubao umeliwa na unyevu, na hakuna anayelitaka hata bure. Hasara hiyo makomoke hakuigawana na mimi. Kwa nini agawane faida?

Ya pili: sanduku lile lilipita mikono mingi kabla yangu. Kuna aliyelitoa huko kwao, labda bure, akihamisha nyumba. Kuna waliochambua mizigo huko wakaliacha lipite. Lilipanda meli, likashuka Mombasa, likauzwa ndani ya robota, likauzwa tena, likafika Kisii. Wote hao hawakuona. Kama nimemuibia makomoke, basi yeye amemuibia aliyemuuzia robota, na huyo amemuibia Mwingereza. Tutaanzia wapi kurudisha?

Ya tatu: bei ilikubaliwa. Hakuna aliyedanganywa. Sikumwambia ni takataka. Nilinyamaza tu.

Nilijipa hoja hizo kila usiku kwa wiki mbili, na zikanitosha. Halafu siku moja jirani yake, kijana anayeuza mishipi, akaniambia, "Makomoke wako ameona simu." Binti yake wa kidato cha tatu alimwonyesha.

Nilikaa siku mbili kabla ya kwenda. Nilienda na elfu mbili mfukoni, nimeshapanga maneno.

"Makomoke, mbuya?"

"Mbuya, omwana one." Hakuacha kupanga dubu zake.

Nikatoa pesa. Akaziangalia kama vile nimemtolea risiti ya mtu mwingine.

"Hii ni ya nini?"

"Ya lile sanduku."

"Lile sanduku si ulinilipa? Nilisema mia mbili, ukasema mia moja hamsini, nikakubali. Iliisha hapo." Akanirudishia noti zote mbili. "Kitu sijaelewa ni kwa nini ulinicheka."

Sikuwa nimepanga jibu la swali hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kesi ya wizi, kumbe kesi yenyewe ilikuwa nyingine. Mimi na nyinyi tulibishana kuhusu shilingi 6,350. Yeye alikuwa akiuliza kuhusu maneno matatu: hajui alichokuwa nacho. Mtoto wake amesikia mamake akiitwa mjinga na kijana anayekula ugali kwake mvua ikinyesha.

Nikaomba msamaha. Video niliifuta nikiwa bado nimesimama pale pale, nikamwonyesha. Hakusema asante. Alisema, "Kwani wale watu wadogo wana bei?"

Nikamweleza. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema kitu ambacho bado kinaniuma kuliko komenti zote. Akasema lile sanduku halikuja peke yake. Robota hilo lilikuwa na visanduku vingine vidogo, kama vinne au vitano, kila kimoja kina watu kama wale wenye nguo tofauti. Wale watu aliwapa watoto wa wateja wachezee ili mama zao wapate nafasi ya kuchagua. Wale wawili wa bluu pia walienda hivyo. Visanduku vilikuwa vikavu vizuri. Aliwashia jiko.

Fikiria hapo. Timu nne au tano, masanduku yenye namba, chai ya saa kumi.

Hapo ndipo ile methali iliponivunjikia mkononi. Asiyejua maana haambiwi maana, tunaisema kana kwamba kutojua kwa mwenzako ni shamba lako la kuvuna. Lakini kutojua hakukai kukungoja wewe. Kunafanya kazi yake mchana kutwa: kunavunja seti, kunagawa wachezaji, kunachoma masanduku. Nililoliokota mimi lilikuwa bahati, salio la moto. Ningekuwa nimemwambia mwaka jana, nilipoanza kusoma mambo haya, "Makomoke, ukiona sanduku la mchezo wa zamani usilitenganishe," leo tungekuwa na timu tano na yeye angekuwa na pesa ambayo mimi nisingeweza hata kumuibia.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la kichwa cha habari ni hili. Mara ya kwanza sikumuibia. Nilijua kitu, nikabahatisha, nikapata. Lakini mara ya pili, nikiwa tayari najua kwamba vitu hivi vinapita kwake, na najua vinaharibika kwa kuwa hajui, na bado nikanyamaza ili niendelee kuvichukua kwa mia moja hamsini, hiyo si biashara tena. Hiyo ni kuishi juu ya giza la jirani. Ile hoja ya mikono mingi pia inaishia hapo. Mwingereza aliyelitoa sanduku hanijui na sitamwona. Makomoke nitamwona siku ya soko.

Na sisi watu wa Kisii tunapaswa kuwa wa mwisho kabisa kutetea biashara ya kunyamaza, manake tumekuwa upande ule mwingine miaka yote. Nenda Tabaka. Mawe ya sabuni yanachimbwa pale, yanachongwa pale, na kati ya vitu vinavyochongwa ni seti za chesi: ubao, wafalme, askari, wakati mwingine wanyama, vinang'arishwa mpaka unaweza kujiona. Vinauzwa mpaka Ulaya na Marekani. Mchongaji anamuuzia dalali kwa jumla, na dalali ndiye anayejua bei ya kule mwisho. Dalali hadanganyi. Ananyamaza tu.

Tabaka hiyohiyo ndiyo alikotoka Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO, Paris. Jiwe ni lile lile la kwetu. Yeye jina lake linajulikana, na kazi yake inaitwa kazi yake. Wa chesi hata herufi mbili chini ya ubao haandiki. Miaka hamsini ijayo mkusanyaji fulani atageuza ubao ule kutafuta nani aliuchonga na mwaka gani, kama mimi nilivyogeuza vitako vya plastiki, na hatakuta kitu.

Tunapolalamika kuhusu madalali wa mawe tunasema: wangetuambia tu bei ya kule! Hatusemi watupe pesa zao zote. Tunataka kujua, ili tupange wenyewe. Sasa niambie, ni kwa mdomo gani nitasema hivyo, halafu niende Daraja Mbili nikamfanyie makomoke kile kile, tena nikicheka kwa kamera?

Kwa hivyo tumefanya mpango, na nauweka hapa wazi ili mtu yeyote anayefanya biashara hii auchukue au aukosoe.

Chini ya meza yake sasa kuna katoni. Kitu chochote cha mchezo wa mezani kinachokuja na sanduku kinaingia humo bila kutenganishwa: kifuniko, karatasi ya maelezo, hata kipande kisichojulikana ni cha nini. Nikipita, nalipa bei yake ya kawaida pale pale, ili asingoje faida ambayo huenda isije. Kitu kikiuzwa kwa zaidi ya elfu moja, tunatoa gharama, kinachobaki tunagawana nusu kwa nusu, na namtumia picha ya meseji ya malipo. Kisipouzwa, hasara ni yangu, kama kriketi.

Mpaka sasa yametoka masanduku matatu. Moja limeuzwa 2,800. Nilikuwa nimelinunua 200, kulituma 250. Ikabaki 2,350, kila mtu 1,175. Mawili bado yako kwangu, na moja nadhani litazeeka na mimi.

Sitawadanganya kwamba ni hadithi ya raha. Faida yangu imeshuka. Zamani ningebaki na yote. Pia habari imesambaa sokoni, na sasa kuna mzee mmoja ameshikilia nyoka na ngazi isiyo na dadu, isiyo na kifuniko, nusu ya ngazi zimefutika, ananiambia elfu moja mia tano na hashuki. Nimemweleza mara tatu. Ananiangalia kwa jicho la mtu aliyeona video. Anajua kijana huyu akisema kitu hakina bei, maana yake kina bei. Hayo ndiyo malipo ya kucheka. Nitayalipa kwa muda, na nadhani ni haki.

Lakini kuna kitu nimepata ambacho sikukitarajia. Makomoke ana jicho kuliko mimi. Amechambua vitu vya watoto miaka mingi, anajua plastiki ya zamani kwa uzito wake na kadibodi ya zamani kwa harufu yake. Wiki iliyopita alinikatalia sanduku nililolitaka mimi. "Hili ni jipya, wamelifanya lionekane la zamani." Nikaenda kuangalia kwenye simu. Ni kweli, ni toleo la miaka ya karibuni. Aliniokolea mia nne. Nilimcheka kwamba hajui alichonacho, kumbe mimi ndiye sikujua nilikuwa na mwalimu, nikamfanya mteja wangu wa kunyonywa.

Najua kuna watakaosema nimekuwa laini, na kwamba Nairobi hakuna mtu atanigawia chochote. Labda. Sisemi kila muuzaji adaiwe na kila mnunuzi. Ukienda mnada usiowajua watu, kila mtu na macho yake. Ninachosema ni kidogo zaidi: mtu unayerudi kwake kila wiki, anayekuwekea vitu, anayekufungulia turubai mvua ikinyesha, huyo si wa kunyamaziwa. Na kama huwezi kumwambia bei, angalau usimcheke.

Niambieni mnavyoona. Wewe ungefanya nini na zile 6,500? Nusu kwa nusu ni sawa, ama nimempa kidogo, ama nimempa sana? Na kama una rafiki Tabaka anayechonga chesi, mwambie leo aandike jina na mwaka chini ya ubao. Haigharimu kitu, ni msumari tu na dakika moja.

Jambo la mwisho. Kuna watoto hapa Kisii, sijui wako mtaa gani, walipewa watu wadogo wa plastiki wanaosimama juu ya kifungo. Mama, ukikuta mmoja chini ya kiti, jezi ya bluu au jezi nyingine yoyote, usimfagie. Mtoto akishamchoka, mlete Daraja Mbili, kwa mama wa midoli.

Bei muulize yeye. Anaijua.